Mtoto asiyetulia na asiyeweka akili mahali pamoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wazazi, walezi na walimu wa watoto kuanzia chekechea hadi mwisho wa shule ya msingi. Yanahusu mtoto ambaye akili haikai kwenye kazi, anayesahau, anayenyanyuka kila mara au anayejibu kabla swali halijaisha. Wengine wana ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini pamoja na utukutu na papara. Wengine hawana ADHD, ila kuna kitu kingine kinachowavuruga. Njia nyingi za kuwasaidia zinafanana, kwa hiyo unaweza kuanza leo hata kabla hujamwona daktari.

Nitajuaje kama ni utoto wa kawaida au kuna tatizo?

Mtoto wa miaka mitano kurukaruka kwenye kochi ni sehemu ya kukua. Wataalamu huangalia mambo manne. La kwanza ni muda: dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi. La pili ni mahali: zionekane nyumbani na shuleni, au shuleni na madrasa, au hata anapokwenda kwa bibi. Zikionekana kwa mwalimu mmoja tu, chunguza kwanza kinachoendelea katika darasa hilo. La tatu ni umri: ziwe zimeanza kabla ya miaka 12. Mtoto aliyekuwa sawa mpaka darasa la sita kisha akabadilika ndani ya wiki chache ana jambo jingine, pengine msiba, uonevu, ugonjwa au hofu, na hilo ndilo la kutafutwa. La nne ni hasara: je, hali hii inamnyima kitu? Anafeli masomo anayoyaelewa, hana rafiki, anaumia kila wiki?

Vigezo vilivyotolewa mwaka 2013, ambavyo madaktari wengi huvitumia, vina dalili 9 za kukosa umakini na 9 za utukutu na papara. Mtoto huhitaji angalau 6 za kundi moja. Zenyewe utazitambua ukizisoma: hamalizi kazi aliyoianza, hupoteza kalamu na sweta, huonekana hasikii ukimsemesha, hukwepa kazi ya kufikiri kwa muda mrefu, hukatiza wenzake, hawezi kungoja zamu.

Angalia pia umri wake darasani. Aliyeanza darasa la kwanza mapema asilinganishwe na jirani yake wa dawati aliyemzidi mwaka mzima. Tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba watoto wadogo zaidi darasani ndio hubandikwa jina la ADHD mara nyingi kuliko wakubwa wao.

Anaangalia katuni saa mbili nzima bila kupepesa jicho. Sasa tatizo la umakini liko wapi?

Swali hili huleta ugomvi mwingi kati ya mzazi na mtoto, kwa sababu linaonekana kama ushahidi kwamba anajifanya. Hajifanyi. Katuni na michezo ya simu humpa kitu kipya kila baada ya sekunde chache, na humlipa papo hapo. Kunakili sentensi kumi kutoka ubaoni hakumlipi chochote mpaka mwisho, tena malipo yenyewe ni alama ya vema ya wino mwekundu, kesho. Mtoto huyu ana umakini. Kinachomshinda ni kuupeleka kwenye jambo lisilomvutia na kuubakisha hapo.

Ndiyo maana kumweleza kwa maneno hakumsaidii sana. Ukimuuliza kwa utulivu jioni, atakutajia sheria zote za nyumbani. Anajua. Kinachokosekana ni kuikumbuka sheria ile dakika inayohitajika. Kwa hiyo msaada unaofaa ni ule unaowekwa pale kazi inapofanyika, wakati inafanyika: kibandiko mlangoni, mzazi mezani, kidole cha mwalimu juu ya dawati. Hotuba ya asubuhi haifiki saa nane mchana.

Huu si ugonjwa wa kizungu, au wa watoto wa simu?

Daktari wa watoto George Still alieleza watoto wa aina hii mbele ya madaktari wenzake jijini London mwaka 1902, kabla ya televisheni. Makadirio ya kimataifa huweka ADHD kwenye takriban watoto 5 kati ya 100. Katika darasa la watoto 80, hao ni wanne. Lugha yetu yenyewe inawajua kitambo: mtukutu, hatulii, ana papara, kichwa maji.

Hurithiwa sana katika ukoo. Si ajabu baba akakaa kumsikiliza daktari akiuliza maswali kuhusu mwanawe, akajikuta anajibu kuhusu utoto wake mwenyewe. Kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa na pombe wakati wa ujauzito huongeza uwezekano. Malezi hayasababishi ADHD, ingawa yanaweza kuipunguza makali au kuizidisha. Na mtoto hajarogwa.

Ni sukari inayompandisha?

Hapana. Uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 1995, haukuona sukari ikibadilisha tabia wala uwezo wa kufikiri wa watoto. Wanapiga kelele kwenye sherehe kwa sababu ni sherehe. Soda ipunguze kwa ajili ya meno na uzito wake. Kola na vinywaji vya kuongeza nguvu ni jambo jingine: vina kafeini, na kafeini huiba usingizi.

Nimpime nini kabla ya kufikiria ADHD?

Hapa ndipo wengi huruka hatua. Mambo yafuatayo yote huweza kumfanya mtoto aonekane hana umakini, na mengi yana tiba rahisi.

Masikio. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu polepole, na mtoto hawezi kukwambia kwamba hasikii, kwa kuwa hajui wenzake wanasikiaje. Jaribu hivi: simama nyuma yake, umbali wa mkono mmoja, mwambie azibe sikio moja kwa kidole, kisha nong'ona maneno matatu ya kawaida, kwa mfano "ndizi, kikombe, paka". Arudie. Fanya na sikio la pili, kwa maneno mengine. Akikosa zaidi ya neno moja, nenda akapimwe. Usimtilie mafuta wala majani sikioni.

Macho. Mtoto anayenakili vizuri kutoka daftari la mwenzake lakini anavurunda akinakili ubaoni huenda haoni mbali. Mhamishe kiti cha mbele kwa siku tatu uone tofauti, kisha apimwe macho vyovyote itakavyokuwa.

Usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala. Piga hesabu kwa uaminifu. Anayelala saa nne usiku baada ya tamthilia na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi basi la shule amelala saa 7. Kwa siku tano za shule amepungukiwa saa 10, hata ukimpima kwa kile kiwango cha chini. Na mtoto mwenye usingizi hasinzii kama mtu mzima. Mara nyingi huchachamaa. Sikiliza pia usiku: akikoroma karibu kila siku, analala mdomo wazi, au pumzi inakatika kisha anashtuka, huenda tonsili au nyama za nyuma ya pua zimeziba njia ya hewa.

Njaa na damu. Shule nyingi huanza saa moja na nusu au saa mbili, na uji huja saa nne au hauji kabisa. Ukiona umakini unaanguka saa ile ile kila siku, anza na tumbo. Upungufu wa damu hupimwa kituo cha afya kwa tone moja la damu kidoleni. Kumbuka kwamba chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ipishe saa nzima na mlo. Dawa za minyoo zinapogawiwa shuleni, azinywe.

Kifafa cha kuzubaa. Hiki hakina kuanguka wala povu, kwa hiyo hupita miaka bila kujulikana. Mtoto anakata katikati ya sentensi, anakodoa macho au kupepesa kope kwa sekunde chache, kisha anaendelea kama hapakutokea kitu. Huweza kumpata mara nyingi sana kwa siku moja. Tofauti na kuwaza mbali ni hii: anayewaza mbali ukimgusa bega anarudi, mwenye kifafa hiki harudi mpaka kipite chenyewe. Mrekodi kwa simu umpelekee daktari. Video ya sekunde 15 inamsaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Magonjwa aliyopitia. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa: haya huweza kuacha udhaifu wa umakini miezi mingi baada ya mtoto kuonekana amepona. Mtoto mwenye seli mundu ambaye masomo yameporomoka apelekwe haraka, maana kiharusi kidogo huweza kutokea ndani ya ubongo bila mkono wala mguu kupooza. Na kama anatumia fenobabitoni kwa ajili ya degedege au kifafa, mwambie daktari kwamba hatulii. Dawa hiyo huwafanya baadhi ya watoto kuwa hivyo. Usiikatishe mwenyewe, kwa sababu kuikata ghafla huleta degedege kali.

Madini ya risasi. Kama mnaishi karibu na watu wanaoyeyusha betri kuukuu za magari, muulize daktari. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika hivyo, na risasi huharibu hasa ubongo wa mtoto. Hupimwa kwa damu.

Hofu. Mtoto anayepigwa, anayeguswa vibaya, au anayesikiliza ugomvi wa usiku chumba cha pili ana akili inayolinda mlango. Haiwezi kulinda mlango na kufanya hesabu za kugawanya kwa wakati mmoja. Muulize akiwa peke yake, bila haraka, na usimkatize.

Nikimtuma dukani anarudi na kitu kimoja kati ya vitatu. Nifanye nini?

Tuseme uko jikoni, unapaza sauti: "Nenda dukani ulete mafuta nusu lita, chumvi na kiberiti, na usichelewe, na upitie kwa mama mdogo umwambie aje." Kumbukumbu ya muda mfupi ya mtoto huyu ni kama kibao kidogo: neno la nne linafuta la kwanza, na akipishana na mpira njiani kibao kizima kinafutika.

Badala yake mfuate alipo. Mwite, ungoje akutazame. Ukimgusa bega ni vizuri zaidi. "Baba, vitu vitatu." Onyesha vidole vitatu, ukikunja kimoja kwa kila kitu: mafuta, chumvi, kiberiti. Arudie kwa vidole vyake mwenyewe. Pesa ifunge kwenye kikaratasi kilichoandikwa au kuchorwa vitu hivyo. Salamu za mama mdogo ziwe safari ya pili. Akirudi na vyote, mwambie umeona nini hasa: "Umeleta vyote vitatu." Neno "hongera" peke yake halimfundishi alichofanya sawa.

Maagizo ya nyumbani nayo ni hivyo hivyo. Moja kwa wakati, na sema la kufanya, siyo la kuacha. "Usikimbie" humwacha na picha ya kukimbia; "tembea" humpa kazi.

Homuweki inachukua saa tatu na inaishia kwenye kilio. Tuanzie wapi?

Anza kwa kupima. Kwa jioni tatu, usibadilishe kitu. Tazama saa tu, uandike ni dakika ngapi zinapita kabla hajanyanyuka au kuanza kuchezea kitu. Tuseme wastani ni dakika 7. Basi kipande chake cha kazi ni dakika 6. Usianze na dakika 20 kwa sababu dada yake huweza. Ukianza chini ya uwezo wake, anamaliza, na unachotaka ni azoee kumaliza. Ongeza dakika moja au mbili kila wiki ikiwa mambo yanakwenda.

Kabla ya kuanza awe amekula, amekojoa, na amecheza nje angalau dakika 20. Watoto hutulia zaidi baada ya mwili kufanya kazi. Kumnyima mchezo ili amalize homuweki hukurudisha nyuma. Mezani kuwe na daftari moja, penseli mbili zilizochongwa tayari, kifutio, basi. Penseli ya pili ni kwa sababu safari ya kwenda kuchonga humla dakika kumi. Kama taa ni hafifu au umeme haueleweki, homuweki ifanyike kabla jua halijazama.

Kunja karatasi ya maswali, au ifunike kwa karatasi nyingine, abaki na maswali matano tu mbele ya macho. Maswali ishirini kwa pamoja humkatisha tamaa kabla hajaanza. Weka kengele ya simu, na simu yenyewe iwe mbali na meza. Kisha kaa karibu. Si lazima ufundishe. Unaweza kuwa unachambua mchicha meza hiyo hiyo. Mtu mzima aliye umbali wa mkono humrudisha kwenye kazi kwa kugusa daftari kwa kidole, bila neno. Aliye jikoni humrudisha kwa kupiga kelele, na kelele ni kitu kipya cha kusikiliza.

Kengele ikilia, mapumziko ya dakika 3: achote maji, aruke kamba, azunguke nyumba mara mbili. Asipewe simu, kwa maana kutoka kwenye simu kurudi kwenye hesabu ni mlima. Kisha kipande cha pili. Kwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, dakika 30 za kazi halisi zinatosha, zikifika, funga daftari hata kama maswali yamebaki, na uandike chini: "Amefanya maswali 8 kati ya 20 kwa dakika 30, peke yake." Zungumza na mwalimu kabla, ili maandishi hayo yasionekane kama dharau. Mwalimu anapata taarifa ya kweli, na ninyi mnapata jioni bila vita.

Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni mzazi kumfanyia majibu ili walale. Wiki ya pili mtoto ameshajua kwamba akichelewa vya kutosha, kazi inajifanya yenyewe.

Mfumo wa zawadi unafanya kazi kweli? Nilijaribu ukafa wiki ya pili.

Unafanya kazi ukijengwa vizuri. Vizibo vya soda vinatosha, na kopo la plastiki linaloonesha ndani, ili avione vikiongezeka.

Chagua mambo matatu, basi. Kila moja liwe kitu ambacho mgeni angekiona kwa macho: "madaftari yote yamo kwenye begi kabla ya kulala" linaonekana, "awe na adabu" halionekani, mtabishana. Mawili kati ya hayo matatu yawe yale ambayo tayari anaweza siku mbili au tatu kwa wiki, ili apate vizibo tangu siku ya kwanza. Kizibo kitolewe palepale, ndani ya dakika moja. Ahadi ya baiskeli mwisho wa muhula haina nguvu kwa mtoto huyu. Mwisho wa muhula kwake uko mbali sana.

Bei ziwe ndogo mwanzoni. Vizibo 3: anachagua hadithi ya usiku au anakaa kiti cha mbele kwenye daladala. Vizibo 6: nusu saa ya mpira na baba. Vizibo 15: chapati Jumamosi, naye anasukuma. Zawadi nyingi zisigharimu pesa.

Mfumo hufa kwa sababu tatu. Mzazi huanza kunyang'anya vizibo akikasirika, na mtoto anapofika sifuri hana tena cha kupoteza. Au bei ni kubwa mno. Au zawadi zimechosha: wiki ya tatu lazima orodha ibadilike, hilo ni la kawaida na halimaanishi kwamba mmeshindwa. Ndugu zake wakilalamika kwamba anapendelewa, wape nao makopo yao, kila mmoja na mambo yake matatu yanayomshinda yeye.

Fimbo haisaidii hata kidogo?

Fimbo humsimamisha kwa dakika chache, na ndiyo sababu inaonekana kusaidia. Lakini mtoto huyu hakusahau daftari kwa kiburi, na hakuna kipigo kinachoongeza kumbukumbu. Kinachoongezeka ni woga, uongo na kuchukia shule, na mtoto mwenye ADHD akipewa kipigo kwa kila kosa atapigwa kila siku ya utoto wake. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Na hata pale sheria inaporuhusu, haifai kwa tatizo hili.

Matokeo ya kosa yawe madogo, ya haraka, yanayofanana na kosa. Amemwaga maji akikimbia ndani: anachukua tambara, anafuta, sasa hivi. Amempiga mdogo wake: anakaa pembeni palipo shwari dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake, bila hotuba, kisha anarudi. Tena kwa kila kosa unalolitaja, jitahidi umtajie mambo kadhaa aliyofanya vizuri. Itakubidi uyatafute kwa makusudi, maana mazuri ya mtoto mtukutu hayapigi kelele.

Mimi ni mwalimu, nina watoto 80 darasani. Naweza kufanya nini bila kuwaacha wengine?

Kiti kwanza. Mweke mbele, mbali na mlango na dirisha, mwisho wa dawati upande wa njia ili aweze kusimama bila kuwakanyaga wenzake, jirani yake akiwa mtoto mtulivu. Usimtenge peke yake pembeni: huko hana wa kumwiga.

Mpe kazi zinazomnyanyua kihalali. Kufuta ubao, kugawa madaftari, kuhesabu chaki. Dakika mbili za kutembea hukupa kumi za kukaa. Kumnyima mapumziko ya saa nne kwa sababu hakumaliza kunakili ni kuchukua dawa yake.

Kunakili kwenyewe kunastahili kutazamwa. Kwa kila neno, jicho linatoka ubaoni kwenda daftarini, na katika safari hiyo ndimo anamopotelea. Akirudi ubaoni hajui alikuwa mstari gani. Gawa ubao kwa mistari ya chaki ya rangi, sehemu tatu au nne, umwambie: "Maliza sehemu ya kijani, uniletee." Au aazime daftari la jirani aliweke kando ya lake. Kama lengo la somo ni kuelewa usanisinuru, kunakili aya tatu si sharti. Aeleze kwa mdomo.

Kubalianeni ishara ya siri: ukigusa kona ya dawati lake, maana yake ni "rudi kwenye kazi". Hakuna anayejua, hakuna aibu. Kwenye mtihani mfundishe kupigia mstari neno la amri katika swali, "taja", "eleza", "kokotoa", na kurudia ukurasa wa mwisho kabla ya kukusanya. Hupoteza alama nyingi kwa kuruka maswali kuliko kwa kutojua.

Kisha kadi ya siku: karatasi yenye mistari mitatu tu, mfano "alianza kazi nilipoanza", "aliinua mkono", "alikusanya daftari". Weka vema mara mbili, kabla ya mapumziko na kabla ya kwenda nyumbani. Inakuchukua nusu dakika. Mzazi ageuze kila vema kuwa kizibo jioni ile ile. Kadi isiwe ya mashtaka. Mstari usio na vema unatosha, maelezo hayahitajiki.

Na madrasa?

Ni hayo hayo, na kuna jambo moja linalomsaidia huko: kuhifadhi kwa sauti na kwa mahadhi, mwili ukiyumba, ni kazi inayomfaa. Gumu ni saa. Anafika baada ya siku nzima ya shule. Mpe maji, kitafunwa na dakika chache za kukimbia kabla hajakaa, na umwombe mwalimu wake ampe aya fupi na amsikilize mapema, si wa mwisho kwenye foleni.

Binti yangu ametulia kabisa, lakini yuko mbali. Inawezekana?

Inawezekana, na wasichana wengi hukosa msaada kwa sababu hii. Hasumbui mtu, kwa hiyo haripotiwi. Anatazama ubao, ukurasa ni ule ule kwa nusu saa, anaitwa mvivu au mzito. Mara nyingine hugunduliwa sekondari, masomo yanapozidi, wakati ameshaamini kwamba hana akili. Mchunguze kama ungemchunguza kaka yake anayevunja viti.

Vipi kuhusu simu na televisheni?

Hazileti ADHD, lakini hula usingizi na mchezo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 kwa siku, na pungufu yake ni bora. Kwa wakubwa, simama kwenye mambo mawili: homuweki kabla ya simu, na skrini zote kuzimwa saa moja kabla ya kulala, ya mzazi ikiwemo.

Dawa zipo? Zitamfanya zezeta?

Zipo. Inayotumika zaidi duniani ni methilfenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin. Ya muda mfupi huanza kufanya kazi kama nusu saa baada ya kumezwa na hudumu takriban saa 4, ndiyo maana anayemeza asubuhi huweza kuchachamaa tena mchana. Huandikwa na daktari, hasa wa watoto au wa afya ya akili, baada ya kupima uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha, na kuuliza kama kuna ugonjwa wa moyo au vifo vya ghafla katika familia. Haipatikani kila duka la dawa, kwa hiyo uliza mapema kama mtaweza kuipata mfululizo.

Hupunguza hamu ya kula: mlishe vizuri kabla ya kidonge cha asubuhi, na usiku njaa inaporudi. Ikimezwa alasiri hufukuza usingizi. Maumivu ya kichwa au tumbo hutokea mwanzoni. Akionekana amezubaa, hana furaha, kama si yeye, mara nyingi dozi ni kubwa mno. Rudi kwa daktari. Ifungie kabatini, na usimgawie mtoto wa jirani.

Dawa haifundishi kupanga begi. Inafungua dirisha la saa chache ambamo mafunzo yanaingia. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, mazoezi ya wazazi kama yaliyoelezwa hapa hutangulia. Mafuta ya samaki yameonyesha faida ndogo sana katika tafiti. Dagaa mezani ni chakula kizuri, lakini si tiba ya ADHD. Yeyote anayekuuzia chupa ya "kuondoa kabisa" hali hii anakuuzia maji.

Akikua itaisha?

Kurukaruka hupungua kwa wengi wanapobalehe. Kusahau na kushindwa kupanga muda hubaki kwa wengi hadi utu uzima, ila mtu mzima anaweza kuchagua kazi inayomfaa na kujiwekea kengele zake. Wengi hufanya vizuri kwenye kazi zenye mwendo na uamuzi wa haraka.

Tuanzie wapi kutafuta mtaalamu, na tubebe nini?

Anza kituo cha afya kwa masikio, macho na damu, kisha uombe rufaa kwenda hospitali yenye kliniki ya watoto au ya afya ya akili. Kenya kuna pia vituo vya EARC vya kupima mahitaji ya kielimu. Uliza ofisi ya elimu ya eneo lako. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonesha ADHD. Daktari hutegemea maelezo, kwa hiyo maelezo yako ndiyo kipimo.

Beba kadi ya kliniki ya utotoni, ripoti za shule za miaka miwili, na madaftari mawili, moja la somo analolipenda na moja la asilolipenda. Mwombe mwalimu aandike nusu ukurasa kuhusu anachokiona, bila kutaja jina la ugonjwa. Na kwa siku saba kabla ya kwenda, andika kila jioni mistari mitatu: alilala saa ngapi, alikula nini asubuhi, na lini alikaa kwenye kazi muda mrefu zaidi, kwa dakika. Huo mstari wa tatu usiuache. Huonyesha ni wakati gani na kazi gani anaimudu, na hapo ndipo daktari na mwalimu watakapoanzia.